Kichaka Hakihitaji Mche Wako

Nitasema kitu na najua kuna watu wataniandama hadi Jumapili: acheni kupanda miti msituni.

Hasa hapa Nairobi. Hasa Msitu wa Ngong Road. Weka jembe chini, rudisha mche kwa kitalu, panda matatu urudi nyumbani. Ule msitu hauna njaa ya miche. Miti unayo, tena ya asili, ambayo ukoo wake ulikuwa hapo kabla babu wa babu yako hajasikia neno Nairobi. Shida yake ni nyingine kabisa. Kila baada ya miaka kadhaa kuna mtu anaamka na ramani mpya, na kwenye hiyo ramani msitu umekuwa mdogo kidogo.

Kabla hujakimbia kunitumia ile picha ya Wangari Maathai akiwa ameshika mche, tulia. Nitamfikia, na nakuahidi mama yule hayuko upande wako vile unadhani. Sisemi miti ni mibaya. Nasema tumezoeshwa kushangilia mche na kudharau kichaka, na hiyo dharau kuna watu inawalipa vizuri sana.

Angalia tu vile tunaongea. Mtu akikosa adabu, ati ametoka kichakani. Mtaa ukikosa stima, tunasema huko ni porini. Shamba likikaa miaka miwili bila kulimwa tunasema limegeuka kichaka, yaani limeharibika, mwenyewe amelala. Halafu Oktoba ikifika kila mtu anapiga picha chini ya jakaranda, ile ya maua ya zambarau, anaandika "mji wetu wa kijani". Jakaranda imetoka Amerika Kusini, wasee. Sina vita nayo, ni mrembo na inajua. Lakini mjini kwetu mgeni ndiye amekuwa sura ya mazingira, na mwenyeji anaonekana takataka inayongoja tingatinga.

Na kama unataka kucheka kidogo: Kibra. Hilo jina tumelirithi kwa Wanubi, na kwa lugha yao maana yake ni msitu, kichaka. Askari wao walipopewa pale mahali pa kukaa mwanzoni mwa karne ya 20, kitu walichokiona ni miti, wakaita jina. Leo tunalitaja jina hilo kila siku na hatufikirii hata mara moja kwamba tunasema "kichakani". Kipande kilichobaki cha huo ukijani ndicho hicho Msitu wa Ngong Road, unaouona ukiangalia upande jua linakozama.

Sasa hesabu. Msitu huo ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, mwaka mmoja na Karura. Ulikuwa na zaidi ya hektari 2,900. Leo umebaki na kama hektari 1,200. Zaidi ya nusu imeenda. Na haikuungua, haikunyauka kwa kiangazi, haikuliwa na mchwa. Ilikatwa kwa kalamu. Kipande kimoja kikawa uwanja wa maonyesho, kingine shule, kingine hiki, kingine kile, na baadaye watu wenye majina mazito wakaanza kujigawia bila hata kujifanya ni kwa faida ya umma. Tume ya Ndung'u, ile ya kuchunguza ardhi ya umma iliyogawanywa kiholela, ilitoa ripoti yake mwaka 2004. Wengi mnaosoma hii hamkuwa mmezaliwa, au mlikuwa mnatambaa. Ripoti iko, inasomeka, na misitu ya Nairobi imo ndani. Waliotajwa kwenye vitabu kama hivyo huwa wanazeeka vizuri tu.

Kisha ikaja Southern Bypass. Ukipita pale na gari, ule ukijani wa kushoto na ule wa kulia ni msitu mmoja uliopasuliwa katikati. Kima akitaka kumtembelea binamu yake upande wa pili inabidi kwanza apime kasi ya lori.

Niambie sasa: katika hizo hektari 1,700 zilizopotea, ni ngapi zilipotea kwa sababu wananchi hawakupanda miche ya kutosha?

Hakuna. Hata moja. Lakini kila msitu ukitajwa, jibu tunalopewa ni lilelile. Pandeni miti.

Ngoja niwape stori ya kazi. Kuna kampuni moja, sitaitaja, ilinitafuta nikashike kamera siku yao ya kupanda miti. Unazijua hizo siku. Tisheti nyeupe, bango kubwa, hema la chai na mandazi, spika mbili zinazopiga kelele, mtu wa kuchangamsha watu kwa maikrofoni. Mahali palikuwa ukingo wa msitu mmoja viungani mwa jiji. Nilifika mapema, kama saa kumi na mbili unusu asubuhi, ili nipate ule mwanga mzuri kabla wageni hawajafika. Nikakuta vijana watano na mapanga wamekaa wanapumzika. Walikuwa wamefanya kazi siku mbili. Walikuwa wamefyeka kichaka ili pawe na nafasi ya kupanda miti.

Rudia kusoma hapo, polepole.

Pembeni kulikuwa na rundo la vitu vilivyofyekwa, limeanza kunyauka. Mzee mmoja aliyekuwa akiwasimamia akaniona nikilipiga picha, akaja. Akaniokotea kimoja kimoja. Hii ni mukinduri. Huu ni mzeituni wa mwitu. Hii ya miiba ni mukawa, na kama una nyanya ocha unajua matunda yake, yale yanayoacha ulimi umekuwa zambarau. Mengine yalikuwa yamefika kiunoni. Nikamuuliza, "Lakini mzee, si hii pia ni miti?"

Akaniangalia vile mtu anamwangalia mtoto wa mjini. "Ni miti, kijana wangu. Lakini hii hakuna mtu ameileta."

Sijawahi kusikia mtu akieleza biashara yote ya mazingira Kenya kwa maneno machache hivyo. Mti uliojiota hauna mfadhili. Huwezi kuuwekea nembo. Hakuna mtu atakayekatiwa utepe mbele yake. Kwa hivyo panga lipite, shimo lichimbwe, na kitu cha kununuliwa kiwekwe mahali pa kitu cha bure.

Wageni walifika saa nne. Mkubwa wao akavaa glavu, akapewa mche ambao shimo lake lilikuwa limeshachimbwa, akauweka, akamwagilia maji kwa ile debe mpya, akatabasamu. Dakika nne. Walio nyuma yake walikuwa na haraka ya chai, na niliona miche ikizikwa na mfuko wake wa nailoni bado umefungwa kwenye mizizi. Nilirudi pale Februari, jua likiwa kali. Mistari iliyonyooka ya vijiti vikavu. Na kwenye zile sehemu zilizofyekwa, kilichokuwa kimestawi ni lantana, lile gugu la maua madogo ya rangi rangi, ambalo likipata mahali pamevurugwa linaingia na familia yote. Bango lilikuwa bado limesimama. Jina la kampuni linasomeka kutoka barabarani.

Hapa kuna kitu hatukufunzwa shuleni, au tulifunzwa siku moja kisha mwalimu akaenda kwa mada nyingine. Udongo wa msitu wa asili ni ghala. Umejaa mbegu zinazongoja, zingine miaka. Ukiliacha eneo lililoharibika kidogo na ukazuia panga na ng'ombe, linajirudisha lenyewe. Na wafanyakazi wako hapo tayari, hawahitaji mshahara. Kima anakula tunda hapa, anatembea, anaenda kunya kule. Hondohondo anameza matunda na kuyasambaza akiruka. Mugumo, ule tunaouheshimu kwa mila, mara nyingi haupandwi na mkono wa mtu. Ndege anaacha kinyesi juu ya tawi la mti mwingine, mbegu inaota hukohuko juu, mizizi inashuka chini taratibu hadi inagusa udongo. Utaliweka wapi hilo kwenye programu ya sherehe? "Saa tano: ndege atakunya."

Muhugu nao, mti wa misitu yetu hii ya Nairobi, mgumu, wenye harufu nzuri, ambao wachongaji wa Ukambani waliufanya maarufu dunia nzima, unakua kwa mwendo wa kobe. Ukikatwa leo, wewe unayesoma hii ukiwa na miaka 19 utazeeka kabla mwingine haujafika pale. Muthiga, ule ambao gome lake wazee walitafuna kwa kikohozi na maumivu ya meno, mkali kama pilipili, hauji na lori Ijumaa jioni ukawa tayari Jumatatu. Kitalu cha haraka kinatoa vitu vya haraka. Mikaratusi. Grivelia. Vitu vinavyoonekana vizuri kwenye picha baada ya miaka mitatu.

Na miti ya haraka ishatufunza, tena vibaya. Mnaujua mathenge? Waliokulia Baringo wanaujua. Uliletwa miongo kadhaa iliyopita kwa nia njema kabisa, ati uzuie jangwa, uwape watu kuni. Ukakubali kukua, oh, ulikubali. Ukafunga malisho, ukafunga njia, miiba yake ikatoboa miguu ya watu na ya mifugo, na mbuzi waliokula maganda yake matamu wakaoza meno. Wenyeji waliishtaki serikali, na wakampeleka mbuzi asiye na meno mahakamani kama ushahidi. Hiyo sio meme, ilitokea. Yule mbuzi ni mwanaharakati wa mazingira kuliko wengi wenye alama ya bluu mtandaoni.

Mikaratusi nayo ililetwa enzi za mkoloni, treni ikihitaji kuni. Misitu ya asili ikafyekwa vipande vipande, ikabadilishwa na mistari ya mti mmoja. Hadi leo Karura ukitembea unaweza kuona tofauti kwa macho. Upande mmoja mistari ya mikaratusi, chini hakuna kitu, kimya. Upande wa pili giza la kijani, kelele za ndege, kamba za mimea zinaning'inia, unyevu unakupiga usoni. Wote wawili unahesabiwa "msitu" kwa karatasi.

Kwa karatasi. Katiba yetu, Kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Sawa. Tathmini ya taifa ya mwaka 2021 ilisema miti imefika asilimia 12.13. Watu wakapiga makofi. Lakini tathmini hiyohiyo ilisema misitu ni asilimia 8.83. Ile namba ya kwanza haiulizi mti gani, uko wapi, nani anaishi juu yake. Mikaratusi ya mtu kwenye shamba lake Kisii iko ndani. Ukitaka namba ipande, njia rahisi ni kupanda chochote popote. Ukitaka msitu ubaki, njia ni ngumu na haina makofi: inabidi umwambie mtu mkubwa hapana.

Ndio maana tumepewa lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ndio maana tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya taifa zima ya kupanda miti. Halafu mvua ya Aprili na Mei 2024 ikaja, mafuriko yakaua zaidi ya watu 200 nchini, watu wa Mathare wakalala wakiwa na nyumba wakaamka hawana, na tarehe 10 Mei tukapewa sikukuu nyingine, ya kuomboleza na kupanda miti. Manze, mimi nilikaa nikaangalia. Mto Motoine unapita Msitu wa Ngong Road kabla haujaingia Kibra na kufika Nairobi Dam. Ule msitu ni sponji iliyowekwa juu ya vichwa vya watu wa chini. Kila hektari iliyokatwa juu ni maji yanayoshuka haraka zaidi kwa mtu aliyejenga mabati ukingoni. Hiyo sponji imekatwa zaidi ya nusu kwa makaratasi yenye mihuri, kisha aliyepoteza nyumba anaambiwa achukue mche akapande. Kana kwamba yeye ndiye aliyekata.

Sasa Wangari. Kila tarehe ya kumkumbuka tunaambiwa tumuenzi kwa kupanda mti, na hapo ndipo wametuchezea. Ni kweli alianza Green Belt Movement mwaka 1977 na akina mama na miche. Lakini angalia wapi serikali ilimchukia. Mwaka 1989 walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, akakataa, wakamtukana bungeni. Miaka kumi baadaye ikawa Karura, ambapo vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa kimyakimya kwa wajenzi wa nyumba za kifahari. Tarehe 8 Januari 1999 alienda pale na wenzake wakiwa na miche. Wakakutana na kundi la watu wa kukodiwa wenye fimbo na mapanga. Akapigwa kichwani, na polisi alipoandika taarifa aliitia alama kwa damu yake mwenyewe.

Unadhani wale majamaa waliogopa mche? Mche wa bob kumi? Walijua vizuri. Kuuchomeka mche pale kulikuwa ni kusema hii ardhi ni ya umma na hati yako ni karatasi tu. Ilikuwa kesi ya shamba. Wanafunzi wa vyuo vikuu, watu wa umri wako, wakaingia barabarani Januari hiyohiyo, wakapigwa mabomu ya machozi, na kufikia Agosti Rais Moi akatangaza kusitisha ugavi wa ardhi ya umma. Karura ipo leo kwa sababu hiyo. Pale unapoenda kupiga picha za siku ya kuzaliwa karibu na maporomoko, mtu alivuja damu kwa ajili ya mpaka.

Tumeuchukua mche wake, tukauondolea swali la ardhi, tukabaki na picha. Leo hata anayetafuta kumega msitu anaweza kupanda mti na kutabasamu. Hakuna anayempiga kichwani.

Najua jibu la kwanza nitakalopata. "Wewe unaongea hivi sababu hujawahi kuporwa pale." Hilo sitalichukulia mchezo. Kwa miaka mingi jina la Ngong Forest lilikuwa linaingia kwa taarifa ya habari kwa sababu ya maiti zilizookotwa huko. Wazazi wetu walitukataza kukaribia, na kwa msichana anayetembea peke yake woga huo una maana hadi leo. Lakini hebu fikiria woga huo unamfaidi nani. Mahali ambapo watu wanapaogopa hakuna anayeenda kuangalia. Hakuna anayegundua kigingi cha mpaka kimesogezwa mita mia. Hakuna anayelia mahali pa mauaji pakigeuzwa makazi ya kisasa yenye ukuta na walinzi. Wengi watasema afadhali. Kichaka kikiitwa maficho ya majambazi, mnyakuzi wa ardhi anakuja kama mwokozi.

Na dawa inajulikana kwa sababu ilishajaribiwa upande wa pili wa mji. Karura paliogopwa hivyohivyo. Kilichofanyika ni uzio, njia za kutembea, doria, vijana wa mitaa jirani kuajiriwa kulinda, na watu wa kawaida kuanza kuingia kwa wingi. Wala sio kwamba miti ilikuwa imepungukiwa. Mikaratusi ikaanza kutolewa kidogo kidogo ili miti ya asili irudi, na huko ndiko kupanda kwenye maana, mwenyeji kurudishwa nyumba yake. Msitu ulipotulia, mbega wakaletwa kutoka Kipipiri, wale weusi kwa weupe wenye mkia kama shali ya bibi harusi, na wakakaa.

Lakini Karura imezungukwa na Muthaiga, Gigiri, Runda. Majirani wana sauti, mawakili, na marafiki kwenye balozi. Ngong Road ina Kibra upande mmoja. Jirani wa Karura akipiga simu, simu inashikwa. Mama wa Kibra akitoka na mzigo wa kuni kichwani anashikwa yeye. Nimeona mtaani vile watu wanavyoongea juu ya huyo mama, ati ndio wanamaliza misitu. Mzigo wake ni matawi makavu! Ungejumlisha kuni zote alizobeba maishani mwake hazifiki kile tingatinga moja linang'oa kabla ya chakula cha mchana. Ila yeye hana muhuri.

Sheria ya misitu ya mwaka 2016, kama hujui, inasema mpaka wa msitu wa umma haubadilishwi kwa mdomo wala kwa barua ya mtu ofisini. Lazima ombi lipelekwe bungeni. Lazima kuwe na ushirikishaji wa umma. Inawapa pia wakaaji wa karibu haki ya kuunda chama cha jamii na kusimamia msitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu. Kwa mradi mkubwa, tathmini ya athari kwa mazingira inatangazwa na NEMA, na wewe, ndio wewe wa miaka 20 ambaye huna kazi, una haki ya kutuma maoni kabla siku hazijaisha. Barua pepe moja. Lugha yoyote ya kueleweka. Yale matangazo madogomadogo kwenye gazeti ambayo tunafungia mandazi, humo ndimo misitu inakofia. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila hata kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia.

Kizazi chetu kilisoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu. Tuliutafsiri kwa lugha za mama, tukaufanya video, wazee wakashangaa. Msinidanganye ati tangazo la kurasa mbili kuhusu mpaka wa msitu litatushinda.

Kuhusu wanaouliza kama basi wasipande kabisa: pandeni pale palipo uchi. Uwanja wa shule yenu wenye vumbi. Ukingo wa mto ulioporomoka. Mtaa ambao hauna kivuli kutoka kona hadi kona, na iko mingi, Eastlands mnanielewa. Milima iliyokatwa ikabaki mawe. Pandeni mti wa hapo, mmwagilie miaka miwili, mtu awe na jina na ratiba ya debe. Lakini pale penye kichaka tayari, hata kama unakiona kimechakaa na kina miiba na hakipigiki picha, toa mikono. Ukiwashwa sana na mikono, kang'oe lantana na wanaojua, kwa ruhusa ya wenye msitu. Ni kazi ya kutoa jasho, inachana ngozi, na hakuna atakayekupa tisheti.

Wiki iliyopita kampuni nyingine imeniandikia. Wanataka nitangaze siku yao ya miche 5,000, tena ndani ya msitu, na hela wanayotoa ingelipa kodi yangu ya miezi mitatu. Niliwajibu nikiwa na adabu zote. Nikasema nitafanya bure kabisa, kama zile pesa za miche na mahema watazipeleka kwa vigingi vya mpaka vya saruji na mshahara wa walinzi wawili kwa mwaka. Nitapiga picha ya kila kigingi, nitaandika namba yake na mahali kilipo, na nitairudisha hiyo picha mtandaoni kila Desemba ili kila mtu aone kama bado kiko palepale.

Walisoma. Zile alama mbili ziligeuka bluu Jumanne saa tatu asubuhi. Bado nangoja.